Kwa Baiskeli hadi Mpakani kwa Kina Evarist

Tangu turudi, kila anayeleta kitambaa kwangu anauliza kwanza habari za mlima, halafu ndiyo anakumbuka kutaja gauni. Nimesimulia vipande vipande, huyu mwanzo, yule katikati, mpaka juzi nikasikia habari imerudi kwangu imeota mkia: eti Salehe alikamatwa na wanakijiji kwa wizi wa miti. Hakukamatwa. Ngoja niandike mara moja, yote, mnisomee humo humo, na nguo zenu niendelee kuzishona. Evarist mwenyewe nimemwomba ruhusa. Alisema niandike na nisipunguze kitu kwa kumwonea haya.

Nafasi za treni tulipataje, baiskeli tuliziandikishaje, hayo muulizeni Salehe. Anapenda kuyaeleza na mimi sipendi kuyasikia.

Kiwalani hadi stesheni

Kwa asiyetufahamu, tulikuwa watatu. Mimi Mwajuma, fundi cherehani. Mume wangu Salehe, ambaye zamani alikuwa tandiboi wa malori ya Tunduma na sasa anauza vipuri vya pikipiki, lakini moyo wake haujashuka kwenye lori hadi leo. Na jirani yetu Evarist, fundi wa kuchomelea mageti, Mchaga aliyehamia mtaani kwetu akiwa kijana na akabaki. Mkewe na watoto wake wawili walibaki nyumbani, kwa sababu shule zilikuwa hazijafungwa.

Sisi watatu tulikuwa na desturi ya kuendesha baiskeli Jumapili alfajiri hadi Pugu, magari yakiwa bado yamelala. Desturi hiyo mimi niliiacha mwaka jana, siku bajaji iliponisukumia mtaroni karibu na Vingunguti na dereva akanipigia honi nikiwa humo humo mtaroni. Goti lilipona. Moyo haukupona. Baiskeli ikawa kamba yangu ya kuanikia vitambaa.

Evarist ndiye aliyeanza kunishawishi. Alikuwa akija kukaa kibarazani anatueleza habari za kwao, njia zinazofuata mifereji ya maji kukata mlima, kutoka kijiji hadi kijiji, ambako gari halipiti kwa sababu halienei. "Shemeji, mie nitakupeleka mahali ambapo baiskeli haijawahi kupigiwa honi tangu iumbwe," aliniambia. Mimi nikacheka, lakini usiku nikaota hiyo njia. Asubuhi nikaondoa vitambaa kwenye baiskeli.

Kulikuwa na jambo moja la ajabu ambalo mtaa mzima tunalijua. Kila Desemba Wachaga wa Kiwalani wanafunga mizigo kwenda kwao, na Evarist anabaki. Tulikuwa tukimtania kwamba yeye ni Mchaga wa kuchongwa. Alikuwa anacheka pamoja nasi. Sasa ninaposema haya nasikia aibu.

Safari ya kufika stesheni haina mengi. Salehe alitangulia akinyoosha mkono kila kona kama trafiki, mimi katikati, Evarist nyuma. Niliomba dua zote ninazozijua na mbili ambazo sizijui vizuri. Tulifika wazima.

Treni, na mchanga juu ya reli

Baiskeli ziliwekwa behewa la mizigo. Mama mmoja wa Same aliyekuwa anarudi kwao alimwona Salehe akihangaika na kamba za plastiki zinazoteleza, akavua kanga moja mabegani akasema kamba bora ni hii. Akafunga mafundo matatu ambayo hayakulegea hadi Same. Alipoteremka kwao kesho yake tulimrudishia kanga yake, akaikunjua akaikung'uta, akatuachia chupa ya chai ya tangawizi. Jina lake sikuuliza, na hilo ni moja ya mambo ninayoyajutia.

Asubuhi, baada ya Korogwe, treni ilisimama. Mvua ilikuwa imesukuma mchanga juu ya reli mbele yetu, na watu walikuwa wamekwenda na makoleo. Kwa saa tano tulikaa hapo. Akina mama wa kijiji cha jirani walitokea na mihogo ya kuchemsha, machungwa na mayai, kama waliokuwa wameambiwa tangu jana kwamba tutakwama. Salehe alishuka kwenda kuwaelekeza wenye makoleo namna ya kuchimba. Niliwaona kwa mbali wakimpa koleo, na nilimwona pia akilirudisha haraka.

Mimi na Evarist tulibaki dirishani tunamenya machungwa. Nikamwambia, kwa utani tu, kwamba mama yake atafurahi kumwona mwanawe kapendeza. Akaendelea kumenya chungwa. Kisha akanieleza jambo ambalo nilipaswa kulijua kabla sijapanda treni.

Miaka kumi na moja iliyopita baba yake alimwita nyumbani. Evarist ni mtoto wa mwisho, na kwao mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi pamoja na kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, ambamo babu zao wote wamezikwa. Baba alitaka arudi akitunze. Evarist alikuwa ndiyo kwanza amefungua karakana yake. Wakabishana siku mbili, wote wawili vichwa vigumu, na siku ya tatu Evarist akasimama uani, mbele ya mama yake, akamwambia baba yake: "Sitakikanyaga kihamba hiki ukiwa hai."

Baada ya miaka miwili baba akafa.

"Sasa shemeji, ningeendaje kuzika?" aliniuliza. "Ningetokea pale siku ya msiba, si ndiyo ningekuwa nimetimiza neno langu? Watu wangesema, ameapa na kweli, amesubiri mzee afe ndipo akaja. Nilifika hadi Ubungo na begi. Nikarudi."

Mwaka wa kwanza ulimshinda, wa pili ukawa mzito zaidi, na sasa ulikuwa wa tisa tangu mazishi. Mama yake kwenye simu huongea habari za mvua na za ng'ombe. Hajawahi kumwambia njoo, wala hajawahi kumwambia usije. Lakini dada yake alikuwa amempigia kumwambia kwamba mama miguu inakataa, na kama ana la kusema akaliseme mama akiwa bado anaweza kumjibu.

Ndipo nikaelewa kwa nini tulikuwa tunakwenda kwa baiskeli. Barabara ya magari inapita stendi, sokoni na kanisani, na kote huko wamekaa wajomba na shangazi zake. Njia za mfereji zinapita nyuma. Mimi nilikuwa nakimbia magari, yeye alikuwa anakimbia macho ya watu.

Nilikasirika kidogo, sitaficha. Nilitaka kumuuliza kwa nini hakusema tukiwa Kiwalani. Lakini alikuwa bado ameshika chungwa alilolimenya bila kulila, nikaona hasira yangu inaweza kungoja. Nilimwambia tu kwamba tutafika pamoja. Salehe aliporudi nilimweleza, naye akachukua chungwa akammenyea Evarist, jambo ambalo katika miaka kumi na sita ya ndoa sijaona akimfanyia mtu.

Kutoka Moshi kupandisha

Moshi tulilala, na asubuhi tukaanza. Kipande cha kwanza ni njia za ndani ya mashamba ya kahawa, udongo mwekundu, miti ya kivuli juu. Hapo bado unakutana na trekta moja moja. Kisha Evarist alikata kushoto, tukaingia kwenye kijia upana wa mabega mawili, na upande mmoja maji yanakwenda kwenye mfereji, safi, yanaongea peke yake.

Kwa saa nzima shingo yangu iliendelea kugeuka nyuma. Ni mazoea ya Dar. Kila baada ya pedali chache nilikuwa nageuka kuangalia nani anakuja kunigonga, na kila nikigeuka naona migomba. Ilifika mahali shingo yenyewe ikachoka ikaacha. Hapo nikaanza kusikia: cheni yangu, maji, kuku, mtu anapasua kuni mbali. Nilishuka kwenye baiskeli nikalia kidogo, kisha nikapanda. Salehe aliuliza nina nini, nikamwambia vumbi. Hapakuwa na vumbi.

Msifikiri ni njia ya starehe lakini. Mlima ule umekatwa na mabonde, na kila bonde lina mto chini, na kila mto una daraja la magogo mawili. Kwa hiyo unateremka umeshika breki hadi vidole vinakufa ganzi, unavuka baiskeli begani, halafu unasukuma kupanda ukimtaja Mungu. Salehe alihesabu mabonde hadi saba akaacha.

Watu walitudhania wachuuzi. Baiskeli tatu, mizigo nyuma, sura za Pwani, hakuna aliyetuona asiulize tunauza nini. Mara ya tano hivi Salehe akaanza kujibu kwamba tunauza salamu. Bibi mmoja aliyekuwa anapalilia maharage alinyooka, akamwangalia, akasema basi ampe mbili, yake na ya mume wake. Tulimwamkia shikamoo mara mbili kama alivyoagiza, naye akatupa ndizi mbivu mkungu mzima, tukabaki tunajiuliza tuubebe wapi.

Jioni mvua ikatukuta upande wa Kilema. Tulijikinga kwenye baraza la mwalimu mstaafu na mkewe, ambao walikataa katakata tuendelee kukaa nje. Mke alipika mtori, ndizi zimepondwa pamoja na nyama hadi zimekuwa uji mzito, akaturudishia bakuli kila tulipolimaliza. Kabla ya hapo mwalimu alikuja na jogoo chini ya kwapa na kisu mkononi, akampa Salehe vyote viwili. Alisema ameona tumesali, kwa hiyo achinje yeye mwenyewe, tule kwa amani. Pombe yao ya ndizi hakuileta mezani kabisa, aliinywa jikoni akijificha kama mtoto, mpaka tukamwomba aje akae nasi na kibuyu chake.

Sikuwa na cha kuwapa. Nikaomba sindano, nikakaa na mke wa mwalimu tukashona zipu mbili na pindo la gauni lake la kanisani. Nilimfundisha kusema ahsante kwa mtindo wa Kizaramo, naye akanifundisha ya kwao, "aika". Nimelitumia neno hilo hadi leo, wateja wangu mnajua.

Foleni

Siku ya pili Evarist alianza kuchelewa. Aliyekuwa anatuongoza sasa alikuwa nyuma. Mara aangalie upepo, mara akaze skrubu isiyolegea, mara aone kiu. Tulikuwa juu ya Mwika tayari, na kwao hakukuzidi mwendo wa saa mbili. Nilimwona anavyofuta mikono kwenye suruali.

Pancha ikaja kumsaidia. Tairi la nyuma la Salehe lilikaa chini kabisa, mahali ambapo njia imebanwa kati ya vihamba viwili. Evarist alichukua kidumu haraka akasema anakwenda kuchota maji mtoni, tutumbukize tyubu tuone tundu lilipo. Mfereji ulikuwa hatua ishirini tu kutoka pale. Nikamwacha aende mtoni, ajikusanye.

Sasa Salehe. Mtu aliyekaa miaka tisa kwenye malori ana sheria moja ambayo haimtoki: chombo kikiharibika njiani, kabla ya kitu chochote, kata matawi uyatandaze nyuma na mbele ili magari yanayokuja yajue. Mimi nilikuwa nimepindua baiskeli natafuta solusheni ya kubandikia kiraka. Nilipoinua kichwa, mume wangu alikuwa ameshatoa kisu, ameshakata majani marefu ya kijani kwenye uzio uliokuwa pembeni, na ameyapanga vizuri njiani, rundo moja upande wa juu, rundo jingine upande wa chini. Kwenye njia ambayo hata mkokoteni haupiti. Nilimuuliza anazuia nini. Akasema usalama kwanza.

Baada ya muda kidogo akaja mama mmoja kutoka chini, amebeba kichwani mzigo mkubwa wa majani ya ng'ombe. Alipofika kwenye rundo akasimama. Nikamkaribisha apite. Hakupita, wala hakutua mzigo. Wakaja wasichana wawili na ndoo, wakasimama nyuma yake. Kutoka juu akaja mzee na mbuzi, akasimama upande wa pili, mbuzi naye akasimama. Kila mtu anatuangalia, hakuna anayeruka majani. Walifika kumi na mmoja, niliwahesabu, kwa sababu sikuwa na la kufanya na aibu yangu. Tumetoka Dar es Salaam kukimbia foleni, tumekwenda kuiweka mlimani.

Yule mama mwenye majani, ambaye baadaye tulijua anaitwa Mama Stela, alituongelesha kwa Kichaga. Alipoona tunakodoa macho akahamia Kiswahili.

"Nani amemkosea nani hapa?"

"Hakuna aliyekosa, mama," Salehe akamjibu. "Sie tunazuia magari."

Mama Stela aliangalia juu ya njia, akaangalia chini ya njia. "Magari gani?"

Hapo Evarist akatokea na kidumu chake. Aliyaona majani, akaona watu, na uso wake ukabadilika. Aliweka kidumu chini akaongea nao kwa Kichaga, na katikati ya maneno yake watu walianza kucheka. Wale wasichana walicheka hadi maji yakamwagika. Hata mwenye mbuzi alijishika mbavu. Kisha akatugeukia kutueleza.

Yale majani ni masale. Kwao masale ndiyo mpaka: yanapandwa kuzunguka kihamba, na mtu mzima mwenye akili haliondoi sale la mpaka hata akiwa na njaa. Na ndiyo msamaha pia. Mtu aliyekosa akimpelekea aliyemkosea jani la sale lililofungwa fundo, ombi lake halikataliwi hivi hivi. Kwa hiyo watu walikuta mpaka umekatwa na masale yamelazwa njiani, na wageni wawili wamesimama katikati. Walidhani kuna jambo zito linaombewa radhi, na mwenye adabu haruki juu ya jambo kama hilo.

Salehe alitaka ardhi ipasuke. Aliomba samahani kwa kila mmoja, akiwazunguka, na hata kwa mbuzi nadhani alisema kitu. Uzio ulikuwa wa Mama Stela mwenyewe. Alimwelekeza kuvichomeka ardhini vile vipande vyenye shina, akamwambia vitashika vyenyewe, masale hayana kinyongo. Lakini majani mengine yalibaki mkononi mwa Salehe, akataka kuyatupa mferejini.

Mama Stela alimzuia. Alisema sale likishakatwa halitupwi, lazima lifike kwa mtu. Sijui kama hiyo ni sheria ya Wachaga au aliitunga pale pale. Aliuliza tena, safari hii bila kucheka, kama kweli hakuna hata mmoja kati yetu aliyemkosea mtu.

Evarist alimjibu kwa Kichaga. Aliongea muda mrefu akiangalia kidumu. Watu walipunguza kucheka, kisha wakaacha. Aliponyamaza, Mama Stela alitua mzigo wake kwa mara ya kwanza, akachukua jani moja refu, akalifunga fundo katikati. Evarist akanyoosha mkono. Hakumpa. Alisema mwenye kosa hajipelekei, anatuma mtu. Akamkabidhi Salehe.

"Uliyakata mwenyewe," alimwambia. "Yabebe."

Mpakani

Kipande cha mwisho tulizikokota baiskeli. Hakuna aliyepanda. Salehe alikuwa amelishika lile jani mbele ya kifua kwa mikono miwili, baiskeli yake akaniachia mimi, kwa hiyo nilikuwa nasukuma mbili. Sikulalamika. Huyu ni mtu ambaye akinikosea mimi huomba radhi kwa kuleta embe na kuliacha mezani. Sasa alikuwa anarudia maneno kwa sauti ndogo njia nzima.

Evarist alisimama mahali ambapo uzio wa masale unafunguka. Nje ya uzio, upande wa njia, palikuwa na kijisehemu kisafi, kimefagiwa, kina mibuni mitatu ya zamani na gogo la kukalia. Nilidhani ni pa watu wote kupumzikia. Aliketi kwenye gogo. "Mie sivuki," alisema. "Akisema nirudi, nitarudi kutokea hapa."

Mimi na Salehe tukaingia. Mama yake Evarist alikuwa amekaa barazani anamenya ndizi za kupika, fimbo ubavuni. Tulimwamkia, akaitikia, akatukaribisha viti kabla hajauliza sisi ni nani. Salehe alipiga goti. Maneno yote aliyoyafanyia mazoezi yalimpotea. Alilinyoosha lile jani na kusema tu, "Mama, nimetumwa na Evarist."

Yule mama aliweka kisu chini. Alilitazama lile fundo. Nami nilikuwa natazama mikono yake, imejaa utomvu wa ndizi, na nikaona sijawahi kuogopa hivyo hata siku ya bajaji. Kisha akalipokea. Alilifuta kwa ncha ya kanga, akaliweka mapajani.

Aliuliza yuko wapi. Tukasema mpakani. Akauliza amekaa au amesimama. Nikamwambia amekaa kwenye gogo. Aliposikia gogo akafumba macho. Akaomba fimbo yake, akakataa kushikwa, akaanza kwenda mwenyewe kati ya migomba, hatua na kupumzika, hatua na kupumzika, na sisi nyuma yake tukienda kwa mwendo wake. Ilichukua muda mrefu kuliko bonde lolote tulilolipanda.

Evarist alimwona akasimama.

"Uko wapi hapo?" mama akamuuliza.

"Niko nje, mama. Sijakanyaga."

"Hapo si nje. Angalia vizuri."

Evarist alianza kuangalia. Aliangalia mibuni mitatu, akaangalia uzio, akaangalia njia. Nilimwona akiutambua mbuni mmoja, akaugusa. Alisema, kama anayejiuliza mwenyewe, kwamba mibuni hii ilikuwa ndani.

Mama yake alitueleza kwa Kiswahili, nadhani ili na sisi tusikie. Alisema kijana alipoondoka na neno lile, mzee hakulala wiki nzima. Kisha akachukua jembe, akaling'oa sale moja moja upande wote ule, akalirudisha nyuma hatua kumi na nne, akakiacha kipande cha ardhi ya baba zake kikawa cha njia. Majirani walidhani amerukwa na akili, maana watu hupigana kusogeza mpaka mbele, na huyu anausogeza nyuma. Yeye hakumjibu mtu. Akaweka gogo.

"Aliniambia, Evarist ana kichwa changu, neno lake hatalirudisha," mama alisema. "Akasema, basi nitampa mahali pa kukaa bila kulivunja. Aje akae hapo, mimi nikae huku, tusalimiane. Kila Jumapili baada ya misa mzee alikuja kukaa upande wa ndani. Mpaka miguu ilipokataa."

Evarist alishuka chini, akakaa kwenye udongo pale pale, akalia kwa sauti. Ni mtu wa miaka arobaini na tatu, anainua geti la chuma peke yake. Salehe alikuwa analia. Mimi sina haja ya kusema. Mama hakumkataza. Alisubiri, amejiegemeza kwenye fimbo, na alipoona imetosha akamwambia baba yako yuko kule chini ya mparachichi, twende ukamwamkie, halafu tule, hawa wenzako wametoka mbali.

Tukavuka wote wanne.

Tulikaa siku tatu. Sitawachosha na kila tulichokula, lakini nawaambia hakuna mlo tuliopewa ambao Salehe hakuitwa kwanza kuchinja, mpaka akaanza kujiona sheikh. Baiskeli yangu niliiendesha kila asubuhi kwenye njia ya mfereji, peke yangu, na ile shingo haikugeuka. Wale waliotufungia baiskeli, waliotupa ndizi, waliosimama na mizigo kichwani kwa heshima ya majani ya mume wangu, sina namna ya kuwafikishia shukrani zangu. Naziandika hapa.

Asubuhi ya mwisho niliamka nikamkuta Evarist mpakani na jembe. Alikuwa amemwita Salehe amsaidie, na Salehe anapima hatua kutoka uzio kwenda njiani, moja, mbili, tatu. Alitaka kuyarudisha masale mahali yalipokuwa zamani, kipande cha baba yake kiingie tena ndani, jambo liishe. Alikuwa ameshapiga jembe la kwanza.

Mama yake alikuwa ameshafika nyuma yetu, sijui tangu saa ngapi.

"Acha hapo hapo, Evarist," alisema. "Na wewe una watoto, na vichwa ni vile vile."